Amana Iliyo Chini ya Makutupora

Tangu miaka ya 1950, huko Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, wamekuwepo watu ambao kazi yao ni kuteremsha kipimo kisimani na kuandika maji yamefika kina gani. Mkoloni akaondoka, nchi ikajitawala, mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na kipimo kikaendelea kuteremshwa. Ni sehemu chache sana za Afrika zenye kumbukumbu ndefu namna hiyo ya maji ya ardhini. Naiheshimu mno kazi hiyo, kwa sababu aliyeianza hakuweza kutarajia kuona matunda yake. Namba za mwaka mmoja hazisemi kitu. Za miaka hamsini zimesema jambo ambalo kila mkazi wa Dodoma anastahili kulijua.

Jambo lenyewe ni hili: miaka mingi mvua hunyesha Dodoma bila kuongeza maji yoyote ya maana chini ya ardhi. Huanza Desemba, huisha Aprili, hazifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na karibu zote huchukuliwa na jua na mimea. Kisha, mara moja kwa miaka mingi, unakuja msimu mzito. Makorongo yanafurika, Mto Kinyasungwe Ndogo unajaa ukingo hadi ukingo, na maji yanazama mchangani kwa wingi. Watafiti waliozichambua kumbukumbu za Makutupora na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013 waliona kwamba katika miaka 55, misimu saba tu ilileta takriban asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia ardhini. Mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa El Niño wa 1997/98, ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa madaraja yaliyosombwa na mashamba yaliyozama. Msimu tulioulalamikia ndio uliotuwekea maji ya kunywa.

Kuwekewa huku kunanifikirisha. Maji ya Makutupora yanayotoka bombani leo katika mitaa ya Dodoma yaliingia ardhini kabla wengi wa wanaoyanywa hawajahamia, na baadhi yao hawajazaliwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ikakuta Jiji lina zaidi ya 765,000. Katikati hapo serikali ilihamia kweli, wizara moja baada ya nyingine, na kila mtumishi alikuja na familia, na kila familia ikavuta mafundi, wauza chakula na wapangaji. Tunachota kila siku. Anayejaza huja mara moja kwa miaka kadhaa, na hatoi taarifa.

Bwawa likipungua, kila mpita njia huliona: matope yanachomoza, mifugo inasogea kuyafuata maji, na watu wanaanza kuulizana. Maji ya chini hushuka bila mtu kuona isipokuwa yule mwenye kipimo. Ndiyo maana naona suala hili ni la uadilifu kabla ya kuwa la uhandisi. Kumtendea haki jirani unayemwona si kazi kubwa sana. Kumtendea haki mtu atakayefungua bomba miaka thelathini ijayo, kwa maji ambayo leo hakuna anayeyaona, kunadai moyo wa namna nyingine.

Watu wa Ugogo, nchi hii ya Dodoma, walikuwa na moyo huo kwa kulazimishwa na nchi yao. Karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo ikiwa na kiu, na hapo ilitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, na watemi. Wasafiri wa Kizungu, Burton na Stanley miongoni mwao, walilalamika sana kuhusu hongo hiyo katika vitabu vyao. Mimi naiona kwa jicho jingine: kundi la mamia ya watu likishuka kwenye visima vya kijiji kwa siku mbili, linakunywa sehemu ya kiangazi cha wenyeji. Kutoza kulikuwa njia ya kusema kwamba maji haya yana wenyewe. Na visima vyenyewe mara nyingi vilichimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, kwa sababu wenyeji walijua kwamba mto wa msimu ukiacha kutiririka juu, unabaki na maji chini.

Ujuzi huo ndio unaohitajika leo kwa kiwango cha jiji. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, linatuonyesha ugumu wa kuhifadhi maji juu ya ardhi ya Dodoma: tope linaingia kila masika, jua linakausha, chumvi inabaki. Chini ya mchanga jua halifiki. Kwa hiyo mvua kubwa inapokuja, busara ni kuipunguza mbio ili izame: makinga maji kwenye miteremko, vizuizi vidogo kwenye makorongo, mashimo ya kupokezea maji pale mchanga ulipo na kina. Kitui, nchini Kenya, jamii zimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga, kuta fupi za zege kukatiza mto ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kushika maji. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, huchukua maji ya mabwawa yake, huyasafisha, kisha huyasukuma ndani ya mwamba ulio chini ya mji ili yangoje miaka ya ukame. Mwamba wetu si kama wa kwao na fedha zetu si kama zao, lakini wazo linatufaa: mwaka wa neema uwe na mahali pa kuingia, kama mtama unavyoingia kihengeni.

Ila kihenge kikiingiwa na uchafu, hakisafishiki kirahisi. Vyoo vya shimo vilivyobanana na taka zinazotupwa makorongoni huingia kwenye maji hayo hayo. Maji yanayoelekezwa ardhini lazima yawe yale ambayo tungekubali kuyanywa.

Lipo jingine linalonisumbua zaidi. Kuhifadhi kwa ajili ya jiji maana yake ni kumwambia mtu wa kijijini asilime hapa, asichunge pale. Dodoma inaufahamu uchungu huo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kupambana na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika vilima vya Kondoa vilivyokuwa vimechakaa. Miti na majani vilirudi. Lakini ng'ombe kwa mfugaji ni akiba yake, mahari ya mwanawe, maziwa ya mjukuu wake, na gharama ile aliibeba yeye. Tusirudie kuwabebesha wachache mzigo wa wengi. Anayeacha kulima kandokando ya mto ili jiji linywe, awe wa kwanza kupata bomba, na alipwe kwa kile alichokiacha.

Basi neno langu kwa madiwani, wapima viwanja na wanunuzi wa viwanja, maana sisi sote tumo: mvua kubwa nyingine itakuja, na itatafuta njia zake za zamani. Kabla hamjaweka bikoni kwenye korongo linalopeleka maji Makutupora, kabla hamjachukua mchanga wa mto kujengea, waulizeni wataalamu wa maji wa bonde na wazee wa kijiji maji huzama wapi. Mahali hapo paacheni wazi.