Kutawala ni Kujizuia

Sisi tuvuao kwa ndoana katika Ziwa Viktoria tunawapenda sana furu, samaki wa asili wa ziwa letu. Jike hubeba mayai kinywani, naye hujinyima chakula hata watoto waweze kuogelea wenyewe. Kwa hiyo ndoana haimpati kwa urahisi. Kokoro ndilo humzoa pamoja na wanawe.

Je, ni vibaya kununua samaki wa kokoro? Wengine husema, "Mungu alitupa samaki tuwatawale." Ni kweli. Lakini kitabu cha Mwanzo chaeleza kuwa samaki walibarikiwa siku ya tano, kabla mtu hajaumbwa. Basi mali hii ina Mwenyewe, nasi tu mawakili.

Miaka ya 1950 na 1960 sangara aliletwa ziwani ili kuongeza kitoweo na mapato. Mapato yalikuja, na wengi walisomesha watoto kwa hayo. Lakini sangara aliwala furu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 aina nyingi zilikuwa zimetoweka, wala fedha haiwezi kuzirudisha.

Sangara hatuwezi kumwondoa. Samaki wa kokoro, lililokatazwa na sheria, twaweza kuwakataa sokoni, hata siku mfuko ukiwa mwepesi. Ikiwa samaki ajua kujinyima kwa ajili ya wanawe, sisi je?