Pesimeka ya Mitumba

Hapo Kencom kuna mzee anayepiga viatu kiwi. Wiki jana nilikaa kwake, nikawa nautazama ule mkebe wake huku nikimfikiria Rune Elmqvist.

Elmqvist alisomea udaktari Uswidi, akaishia kuwa mvumbuzi. Mwaka 1958 alitengeneza pesimeka ya kwanza kupandikizwa ndani ya mtu, kile kifaa kinachousukuma moyo kwa umeme kidogo unapozembea. Alihitaji kalibu ya kumiminia plastiki ya kufunika betri na nyaya. Akachukua mkebe wa kiwi. Usicheke. Daktari mpasuaji Åke Senning akampandikizia Arne Larsson, aliyekuwa akizimia mara nyingi kila siku. Kilidumu saa chache tu. Larsson akawekewa kingine, na vingine, zaidi ya 20, hadi akafariki 2001 akiwa na miaka 86. Waliomwokoa, wote wawili, walikuwa wametangulia.

Nimeyasoma haya kwa sababu ya shosho. Yuko Dagoretti, moyo wake unapiga polepole mno, na daktari amesema ni pesimeka. Tumefungua grupu ya harambee, na unajua vile hizo grupu huenda: emoji za maombi kibao, pesa kidogo.

Kuna watu Chuo Kikuu cha Michigan wanaokusanya pesimeka za waliofariki, familia zikikubali. Wanapima betri, wanazisafisha kabisa, wanazituma nje. Novemba 2024, Thomas Crawford na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa nchi kadhaa, Kenya ikiwemo: kwa siku 90, zilizotumika hazikuwa mbaya kuliko mpya. Marekani kwenyewe haziruhusiwi kuwekewa mtu wa pili.

Hapo ndipo nakwama. Nguo zangu ni za Toi na sioni haya, lakini shati likiraruka natupa. Binamu yangu anasema tunafanywa jalala. Mimi naona ile sheria iliandikwa kwa mtu ambaye mpya iko kabatini. Shosho anachagua kati ya iliyotumika na kungoja. Halafu najishuku, maana mtu anayeogopa kifo anaweza kukubali chochote. Larsson pia alifanyiwa jaribio, ila mkewe, Else-Marie, aliwajua madaktari kwa sura na aliwasumbua mpaka wakakubali. Betri ikizima usiku Dagoretti, mimi nitamsumbua nani? Hilo linaniuma kuliko neno mitumba.

Jumapili nilimweleza shosho yote. Akanyamaza, akakoroga chai.

"Na huyo mwenyewe," akaniuliza, "alikufa na ugonjwa gani?"