MBWA WA POLISI NA SITARA YA MSAFIRI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu zetu wengi wana jamaa Marekani, na khabari za huko hutufikia. Mmoja wao ametuuliza suala hili: Askari akimsimamisha mtu barabarani kwa kosa la mwendo, kisha akaletwa mbwa akainusa motokaa yake, na ndani yakaonekana madawa ya kulevya, je, hapo pana dhulma? Muulizaji akaongeza kuwa yeye haoni dhulma, kwani mwenye hatia ameshikwa, na asiye na hatia amekwenda zake.

Neno hili huonekana sawa kwa mwenye kulisikia mara ya kwanza. Na sisi watu wa pwani tu wepesi wa kulikubali, kwa kuwa unga umetuharibia vijana Mombasa, Malindi, Lamu na Unguja. Basi ijulikane kwamba hatuandiki haya kumtetea mwenye kuuza sumu. Twaandika kwa ajili ya yule wa pili, aliyesemwa kuwa "amekwenda zake".

Kwanza na tufahamu jambo lenyewe. Askari humsimamisha dereva kwa kosa dogo, akatazama leseni, akaandika karatasi ya onyo au ya faini. Wakati huo mwenziwe huizungusha motokaa akiwa na mbwa aliyefundishwa. Mbwa akikaa kitako au akiparuza, hiyo ndiyo ishara yake, na kwa ishara hiyo askari hupata rukhsa ya kuipekua motokaa pasi na ridhaa ya mwenyewe.

Mwaka 1998, katika barabara kuu nambari 80 huko Illinois, mtu mmoja alisimamishwa kwa kwenda maili 71 kwa saa mahali pa maili 65. Akaletwa mbwa, na nyuma ya motokaa ikaonekana bangi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 2005 ikahukumu kwamba kunusa kule hakukuvunja Katiba, maadamu hakukurefusha kusimamishwa kwake. Mwaka 2015 ikaja kesi nyingine, kutoka Nebraska. Huyu alikwisha kupewa karatasi yake ya onyo, akaombwa ridhaa ya kuzungushwa mbwa, akakataa. Akazuiwa dakika 7 au 8 zaidi. Mahakama ikasema kuwa kazi iliyomsimamisha ikiisha, askari hana haki ya kumzuia kwa ajili ya mbwa bila ya sababu ya kumshuku. Na mwaka 2013, katika kesi ya Florida, mahakama hiyo hiyo ilisema kumleta mbwa mlangoni pa nyumba ya mtu ili anuse ni upekuzi. Basi nyumba ina sitara kubwa, na njia ina sitara ndogo. Lakini hata ndogo ni sitara.

Sasa tutazame ushahidi wa mbwa. Pua yake ni kali, wala hapana akanaye hayo. Lakini mbwa hapendi haki wala hachukii batili. Apenda kumridhisha bwana wake na kupata mpira wake wa kuchezea. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa khabari ya mtihani wao. Walichukua mbwa 18 pamoja na waongozaji wao, wakawapeleka mahali ambapo hapakufichwa dawa yoyote wala baruti. Waongozaji waliambiwa kwamba huenda harufu imo, na kwamba karatasi nyekundu ni alama yake. Ishara za uongo zilizohesabiwa zilikuwa 225, na nyingi zilikuwa pale penye karatasi, ambapo watu waliamini kuwa pana kitu.

Tazama, ewe msomaji, ilivyokuwa. Dhana ilianza moyoni mwa mtu, ikashuka katika kamba, ikaingia kwa mbwa, kisha ikamrudia mtu yule yule, naye akaiita yakini. Lau angesema, "Namshuku mtu huyu," angeulizwa sababu. Bali asema, "Mbwa ameashiria," na mbwa haulizwi.

Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamelisema jambo la mbwa tangu zamani, katika mlango wa mawindo. Mawindo ya mbwa hayawi halali mpaka awe amefundishwa: akitumwa aende, akikemewa asimame, akikamata asile, na hayo yakariri mpaka ijulikane kuwa ameshika mafundisho. Na katika hadithi ya Adiy bin Hatim, iliyo katika Bukhari na Muslim, mtu akimkuta mbwa mwingine pamoja na mbwa wake, asijue ni yupi aliyeua, hukumu ni kuiacha nyama ile. Basi ikiwa kwa shaka ya mbwa yaachwa nyama ya paa, vipi ichukuliwe kwa shaka ya mbwa heshima ya mwanadamu?

Na imepokewa, kama alivyotaja Imam Ghazali katika Ihya, kwamba Sayyidna Umar alipanda ukuta wa nyumba usiku, akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu kuwa yeye ameasi katika jambo moja, na Umar katika matatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlango, wala hakutaka idhini. Umar akamwacha. Maasi yalikuwapo kweli, lakini kuonekana kwake hakukuisafisha njia aliyoyaendea.

Huenda mtu akasema: Asiye na kitu aogope nini? Twamjibu: Aogopa kusimamishwa kando ya njia mbele ya mkewe na watoto, vyombo vyake vikatolewa, na wapitao wakamtazama kama mwizi. Kisha huambiwa, "Nenda." Huyu jina lake haliandikwi mahakamani, kwani mara nyingi kadhi wa kule huletewa yule aliyeonekana na kitu. Kwa hivyo mbwa huhesabiwa kwa alipopata, na alipokosea husahauliwa.

Wala hatusemi kuwa askari asiwe na mbwa. Akiwa na khabari ya kweli, au dalili iliyo wazi, na mbwa aliyejaribiwa akaandikiwa kosa lake kama inavyoandikwa sawa yake, hiyo ni kazi ya kuwalinda watu. Tunalokataza ni kuitafuta sababu baada ya kumshika mtu.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni la Marekani peke yake. Mimi mwenyewe nimelifanya chuoni. Fedha zilipotea, nami moyoni nilimdhania mtoto mmoja, maskini wa watu. Nikamwamuru mwanafunzi mkubwa atafute. Akanitazama uso, akaenda moja kwa moja kwenye mfuko wa mtoto yule, akaumwaga mbele ya wenziwe. Hapakuwa na kitu. Fedha zilionekana baadaye chini ya mkeka, nilipoziweka mwenyewe. Nilikwenda kwao kumtaka radhi. Babake akanipokea kwa adabu, lakini mtoto hakurudi tena chuoni. Mtu akimtazama, angesema naye "amekwenda zake".

Basi, ndugu yangu, pete ikipotea nyumbani mwako, usianze na mkoba wa mtumishi kwa kuwa ni mtumishi. Ukimshuku mtu, jiulize kwanza: nini nikijuacho, na nini nikidhaniacho? Wala usimtume mwingine akakuletee jibu ulilokwisha kumwonyesha kwa uso wako. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ameikataza dhana na kupelelezana pamoja, kwa kuwa hiyo ya kwanza huizaa ya pili.

Wallahu aalam.