Uso wa Sheikh Ndani ya Gemu: Je, Jina la Mtu Linauzwa?



Ndugu zangu wasomaji, muhula uliopita rafiki yangu anayesomea kompyuta alikuja chumbani kwangu na wazo. Alitaka kutengeneza gemu ya simu ambayo shujaa wake ni sheikh mmoja ambaye mawaidha yake karibu sote hapa chuoni tunayo kwenye simu zetu. Jina lake silitaji, na mkifika mwisho mtaelewa sababu. Nusu ya mapato ingekwenda kuwasaidia wanafunzi wa jumuiya yetu wanaozuiliwa kufanya mtihani kwa kudaiwa karo. Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, kwa hiyo kazi niliyopewa ilikuwa moja tu: kuhakikisha kwamba kisharia hakuna tatizo.

Tulimwendea sheikh baada ya swala ya isha. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Sasa wanangu, humo ndani mimi nitakuwa nafanya nini?" Rafiki yangu akajibu haraka, "Utakuwa unawaamsha watu kwa swala ya alfajiri, sheikh wetu." Akatabasamu, akatupa idhini, na hakutaka hata shilingi moja. Tukatoka pale tukiwa na furaha. Mimi nikaona kazi yangu imekwisha.

Baada ya wiki tatu sampuli ya kwanza ikawa tayari. Tukakusanyika hosteli kuijaribu. Mchezaji anamwendesha sheikh gizani, anaruka mitaro, anakwepa bodaboda, anagonga milango. Kila mlango ukifunguliwa, juu ya skrini yanaandikwa maneno "Thawabu 10". Kijana mmoja akaichukua simu na, badala ya kwenda kwenye nyumba, akampeleka sheikh moja kwa moja kwenye baa iliyochorwa pembeni kwa ajili ya kupamba mtaa. Sheikh akagonga. Na kwa kuwa programu haikufundishwa kutofautisha mlango na mlango, baa ikafunguka na skrini ikaandika: Thawabu 10. Chumba kizima kikaangua kicheko. Na mimi nilicheka.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Lile swali la sheikh lilinirudia: humo ndani mimi nitakuwa nafanya nini? Jibu la kweli lilikuwa: chochote atakachotaka mwenye simu.

Wengine waliopita njia hii

Nilianza kusoma kuhusu gemu zilizojengwa juu ya majina ya watu mashuhuri, hasa zile ambazo hakuna aliyezitarajia. Nilikuta historia ndefu.

Mwaka 1990 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa gemu ya Michael Jackson iitwayo Moonwalker, kutokana na filamu yake ya 1988. Mwimbaji huyo anazunguka kuwatafuta watoto waliotekwa, na akianza kucheza dansi, maadui hulazimika kucheza naye kabla ya kuanguka. Mwaka 1994 ikaja Shaq Fu. Shaquille O'Neal, mchezaji wa mpira wa kikapu, yuko Tokyo, anaingia kwenye ukumbi wa kung fu, na kutoka hapo anajikuta katika ulimwengu mwingine akipigana ili kumwokoa mtoto mikononi mwa maiti iliyofufuka. Iliundwa na kampuni ya Kifaransa, Delphine Software, na kusambazwa na Electronic Arts ya Marekani. Watu waliichukia gemu hiyo kiasi kwamba wako waliofungua tovuti ya kukusanya nakala zake ili ziharibiwe.

Mwanzoni nilidhani kosa la Shaq Fu ni uongo, kwa sababu mtu wa mpira wa kikapu amefanywa bingwa wa kung fu. Lakini nilipotafakari niliona sivyo. Nani aliyedanganyika? Hakuna mtoto aliyeamini kwamba O'Neal alipigana na maiti. Mnunuzi akidai amepunjwa, malalamiko yake ni ya sokoni: alivutwa na jina kubwa, akapewa mchezo dhaifu. Hayo ni malalamiko halali, lakini hayagusi heshima ya mwenye jina wala dini ya mtu yeyote.

Hapo ndipo nilipoanza kuiogopa gemu yetu.

Fiqhi inasemaje?

Suala la kwanza ni kama jina la mtu ni mali. Wanazuoni wa zamani walikhitilafiana kuhusu manfaa, yaani faida inayopatikana kwenye kitu bila ya kitu chenyewe. Wahanafi wa mwanzo hawakuihesabu kuwa mali kwa dhati yake. Wengi katika madhehebu mengine matatu waliihesabu. Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC), lilikaa Kuwait mwezi Desemba 1988 na kukubali kwamba jina la biashara, alama ya biashara na haki ya mtunzi ni haki zenye thamani ya kifedha, na kwamba zinaweza kuhamishwa kwa malipo. Lakini baraza liliweka sharti: kusiwe na gharari, hadaa wala ghushi.

Azimio lile linazungumzia jina la biashara, siyo uso wa mwanadamu. Hata hivyo nadhani kipimo chake kinatufaa, kwa sababu kinatutoa kwenye swali jepesi na kutupeleka kwenye zito. Swali jepesi ni: je, ametoa idhini? Swali zito ni: je, kuna anayedanganywa?

Idhini tulikuwa nayo. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoyataja madhambi makubwa kabisa alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa kitako, akalirudia neno hilo mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na sote tumeisoma. Tumezoea kuielewa kuwa ni habari ya mahakamani. Lakini kushuhudia ni kumwambia mtu mwingine kwamba jambo fulani liko hivi, naye akutegemee. Gemu yetu ilikuwa ikiwaambia watu jambo. Ilisema, chini ya uso wa mwanazuoni wanayemwamini, kwamba kitendo hiki kina thawabu kumi. Nani alituambia? Hesabu ya thawabu ni elimu ya ghaibu. Tunajua tulichofunuliwa tu, na Suratul Israa inatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo. Rafiki yangu alichagua kumi kwa sababu ni namba nzuri kujumlisha.

Kwa hiyo nimefikia maoni haya, na ninayaweka mbele yenu ili mnikosoe: jina la mtu mashuhuri likiwekwa mbali kabisa na kazi yake, hatari ni ndogo, kwa sababu kila mtu anajua huu ni mchezo. Likiwekwa karibu na kazi yake, hatari ni kubwa, kwa sababu watu hawawezi tena kuona mchezo unaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Mcheza kikapu ndani ya ukumbi wa kung fu hamdanganyi mtu. Sheikh mbele ya msikiti wake anaweza kumdanganya kila mmoja. Sisi tulijiona salama kwa sababu gemu yetu ilifanana naye, na kumbe kufanana huko ndiko kulikotutia hatarini.

Nyota ya ukutani

Kuna mtu mwingine niliyemfikiria sana katika jambo hili, naye ni Muhammad Ali, Allah amrehemu. Wazee wetu wa eneo hili wanamkumbuka kwa pambano la Kinshasa la Oktoba 1974, alipomwangusha George Foreman. Gemu ya ndondi yenye jina lake ilitoka mwaka 1992 kwa mashine za Sega. Mwaka 2006 aliuza asilimia 80 ya haki za jina na sura yake kwa kampuni ya Marekani iliyoitwa CKX, kwa dola milioni 50, akabakiwa na asilimia 20.

Lakini miaka minne kabla ya mauzo hayo, mwaka 2002, Ali alipewa nyota kwenye ile njia ya Hollywood ambayo majina ya watu mashuhuri hutandazwa chini, watu wakapita juu yake. Hakukubali iwekwe chini. Alisema jina lake ni jina la Mtume, na hataki likanyagwe. Mpaka leo nyota yake iko ukutani.

Wapo watakaosema mambo haya mawili yanapingana: aliyekataa jina lisikanyagwe alilitia sokoni. Mimi sioni hivyo, na simhukumu. Ninachojifunza ni kwamba jina lina tabaka mbili. Lipo fungu ambalo ni haki ya mtu: jasho lake, sura yake, umaarufu alioutafuta kwa mikono yake. Hilo anaweza kuliuza, kulitoa bure au kulisamehe. Lipo fungu jingine ambalo amelibeba tu kwa amana, na hilo mkataba hauwezi kulifikia, kwa kuwa si lake. Ali alijua nusu ya jina lake inatoka wapi. Sheikh wetu naye, neno "sheikh" lililo mbele ya jina lake hakulitengeneza yeye. Limetoka kwa walimu wake, na kwa walimu wa walimu wake.

Tulivyorudi kwake

Nilimwambia rafiki yangu kwamba lazima turudi tukamweleze habari ya baa. Alikasirika. Alisema angerekebisha ule mlango kwa dakika tano, na kwamba mimi natafuta makosa huku kuna dada zetu wawili wanaosubiri karo. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu ni kweli. Nia yake ilikuwa safi kuliko ya wengi. Lakini tatizo halikuwa mlango ule. Ukiufunga, atapatikana mwingine wa kumrusha sheikh mtaroni mara hamsini ili wenzake wacheke. Gemu isiyomruhusu mchezaji kukosea si gemu, na kila kosa la mchezaji linaandikwa kwenye uso ule.

Tukaenda. Tulipomsimulia, sheikh alicheka kwanza, akacheka kweli. Kisha akasema, "Kwa haki yangu mimi nimewasameheni, wanangu. Lakini mtu asiyenijua akiona hilo akaidharau elimu, hapo msamaha wangu unamsaidia nini?" Hatukuwa na jibu.

Suluhisho tulilolipata lilitoka mahali sikupatarajia. Mwaka 1986 kampuni ya Taito ilitoa Japani gemu iliyobeba jina la Takeshi Kitano, mchekeshaji ambaye baadaye alisifika pia kwa kutengeneza filamu. Ni gemu ngumu na ya kuudhi. Kuna mahali mchezaji hutakiwa asiguse kitu chochote kwa saa nzima. Lakini humo ndani humwendeshi Kitano. Unamwendesha mfanyakazi wa kawaida wa ofisini. Kitano mwenyewe alichangia mawazo, na kinachokusumbua ni akili yake. Sisemi tuige yaliyomo, maana mengi hayafai. Nasema tu kwamba kuna namna ya kumweka mtu kwenye gemu bila kumfanya kikaragosi.

Basi sasa anayekimbia alfajiri ni mwanafunzi wa hosteli, asiye na jina, aliyelala saa nane na anaamka kwa shida kama sisi. Neno "thawabu" limeondolewa. Anayegonga mlango anapata taa inayowaka dirishani, basi. Sheikh ametuandikia maswali ya fiqhi ya twahara na swala yanayojitokeza njiani, na jina lake limo kwenye ukurasa wa shukrani kwa herufi ndogo, kama alivyotaka mwenyewe.

Rafiki yangu bado ananiuliza, "Bila uso wake, nani ataipakua?" Sina la kumwambia. Huenda mfuko wa karo usipate kitu, na hilo litakuwa limetokana na mimi. Nimeamua kulibeba, na nimeanza kutafuta njia nyingine ya kuwachangia wale dada wawili.

Ndugu yangu msomaji, usidhani habari hii ni ya watengeneza gemu peke yao. Fungua simu yako uangalie stika ulizonazo za kutumiana kwenye makundi. Ni nyuso ngapi humo za masheikh, walimu, hata wazazi, zilizowekewa maneno ambayo hawakuyasema? Sisi tulikuwa na idhini na bado tukakosea. Wewe hata hiyo idhini huna. Kabla hujatuma, jiulize kwa niaba yake: humo ndani, mimi nafanya nini?

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.