Sikio la Mtoto na Fimbo ya Mwalimu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wake, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: ndugu Waislamu, Surat Nuh yatukumbusha kwamba Mola wetu ametuumba hali baada ya hali. Wengi hudhani kwamba hali hizo huishia tumboni mwa mama. Sivyo. Utosi wa mtoto hupwita, na aghlabu hufunga kabla hajatimiza miaka 2. Lakini chini ya ubongo, pasipofikiwa na jicho, iko sakafu ya fuvu, na kazi yake haijesha. Mifupa yake hutenganishwa na gegedu laini ili ipate kurefuka, na kiungo kilicho katikati yake hakigandi kuwa mfupa mmoja ila wakati wa kubaleghe, wasichana wakiwatangulia wavulana.

Umeshikana na sakafu hiyo mrija mwembamba utokao sikio la kati hadi nyuma ya pua. Kwa mtoto mchanga ni mfupi, nao umelala, wapata nyuzi 10 tu. Sakafu ikuapo, mrija nao hurefuka na kuinama, hata kwa mtu mzima ukafikia kama nyuzi 45. Ndiyo sababu katika miaka yake ya mwanzo mafua madogo hupanda upesi sikioni. Hutoka usaha, au maji hutuama ndani bila maumivu, mtoto akawa hasikii vyema wala hajui kusema kwamba hasikii.

Mtoto huyo aletwa chuoni. Aitwa, hageuki. Aambiwa ni mkaidi, kisha apigwa kofi la sikio, lile lile lililo gonjwa! Nami nimepata kumpiga mtoto, kisha nikajua kwamba hasikii. Na fimbo iliyokwisha kushuka hairudi. Mtume wetu amekataza kupiga uso. Je, sikio liko mbali na uso?

Na nyumbani hutundikiwa hirizi, na hali Mtume ameikataza hirizi na ameamrisha kujitibu.

Basi asiyejibu, mwiteni kwa sauti ndogo kutoka nyuma. Asipogeuka, mketisheni mbele, na mzazi ampeleke kwa tabibu. Nyumba ambayo Mwenyezi Mungu angali akiijenga, sisi tusiwe wa kuibomoa.

Wabillahi tawfiq.