Nuru ya Kisichoonekana

George Berkeley wa Ireland, aliyekuja kuwa askofu, alishikilia katika risala aliyoitoa mwaka 1710 kwamba kuwako kwa vitu ni kutambulikana kwavyo na nafsi. Na ili dunia isitoweke kila watu wafumbapo macho, aliitegemeza kwa Mungu, asiyepitiwa na usingizi. Hoja hiyo leo imepata uwanja wa kujaribiwa ambao mwenyewe asingaliuota, nao ni michezo ya zamani ya kompyuta inayotiwa nuru mpya na mastadi wasiokuwa waundaji wake.

Aghalabu mchezo wa zamani umefungwa, na mgeni hana ruhusa ya kuigusa misimbo yake. Kwa hiyo programu iitwayo ReShade hungoja mchezo umalize kuchora picha, kisha huidaka kabla haijafika kiooni, pamoja na jedwali la umbali wa kila nukta. Kwa viwili hivyo tu, sheda iitwayo RTGI, yaani programu ndogo ya kutia nuru iliyotungwa na stadi Pascal Gilcher, hurusha miali, ikagonga ukuta mwekundu na kuumwaga wekundu wake sakafuni, hata chumba kilichokuwa bapa kikapata kina. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini mchezaji na ageuze uso, taa itoke pembeni mwa kioo: ile nuru ya ziada iliyokuwa ikizagaa ukutani hufifia, ingawa taa haikuzimwa na mtu. Kisichomo katika picha, kwa sheda hii, hakikuumbwa. Na hata nguzo iliyo mbele ya macho haina mgongo. Ni ulimwengu wa Berkeley ulioondolewa Mungu wake, na jicho la mtoto asiyejua falsafa hulikataa jambo hilo papo hapo.

Mambo ni mengine katika mchezo wa Quake II. Ulipotoka mwaka 1997, nuru yake ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na kubandikwa kutani, kama ajali iliyoandikwa kabla mchezaji hajaingia. Misimbo yake iliachiliwa kwa umma mwaka 2001, na mwaka 2019 stadi mwingine, Christoph Schied, akaitumia kuufanya mchezo mzima uangazwe kwa miali, kisha kampuni ya Nvidia ikaiendeleza kazi hiyo. Humo jengo zima limo katika hesabu, lionekane lisionekane, na risasi ya adui aliyejificha nyuma ya kona huzipaka kuta umanjano kabla yeye hajadhihirika.

Mwanachuoni Ibn al-Haytham wa Basra alikwisha kuthibitisha, yapata miaka elfu iliyopita, kwamba nuru hutoka kwenye vitu ikaja machoni. Kompyuta huifuata njia hiyo kinyumenyume, kutoka jichoni, kwa ubahili tu, maana miali mingi ya taa haimfikii mtazamaji kamwe. Ubahili huo hauna dhara, mradi mwali ulioanzia jichoni uruhusiwe kwenda ghaibu.

Berkeley angalikuwapo angalijibu kwamba kumbukumbu ya kompyuta, yenye kulishika jengo lote kwa wakati mmoja, imekaa mahali pa Mungu wake, na hivyo Quake II humthibitisha. Ni jibu zito, wala silidharau. Lakini kumbukumbu haioni kitu: huhifadhi vipimo vya kuta na mahali pa taa kama daftari la ghala lihifadhivyo idadi ya magunia, bighairi ya kuyatazama, na nuru hufika vilevile.