Mtumba Hufungwa kwa Bega la Mpagazi

Mizigo ya misafara iliyopita Tabora kuelekea Ujiji ilibebwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Vitambaa vilifungwa kuwa mitumba mirefu, vikabanwa vikae vizuri begani, kwa sababu safari kutoka pwani ilikula miezi. Aliyefunga alimjua atakayebeba. Sisi tunaotengeneza programu hapa Tabora leo tunalisahau hilo upesi, ndiyo maana nasimulia yaliyowapata wenzetu wa Kenya.

Tarehe 4 Machi 2013, siku ya uchaguzi, makarani walikabidhiwa mashine za kutambua wapiga kura kwa alama za vidole. Vituo vilizidi 30,000, vingi vikiwa madarasa yasiyo na umeme. Betri zilizimika foleni zikiwa bado ndefu. Kwingine karani hakuwa na nywila. Ikabidi kurudi kwenye daftari la karatasi. Baadaye mfumo wa kutuma matokeo nao ukakwama, na kura zilizokataliwa zikasomeka zaidi ya 300,000, kumbe programu ilikuwa inazizidisha mara nane.

Dalili zilikuwepo. Ununuzi ulivurugwa na mizozo ndani ya tume ya uchaguzi, kama Mahakama ya Juu ilivyokuja kusema, na kuchelewa huko kukala siku za majaribio na mafunzo. Lakini dalili iliyo wazi kuliko zote ilikuwa ukutani: darasa halina soketi. Mzazi yeyote wa kijijini angewaambia. Alihitajika mtu mmoja tu wa kukaa na mashine humo tangu alfajiri hadi jioni.

Tangu miaka ya 1960 Yoji Akao wa Japani alifundisha kuigeuza sauti ya mteja kuwa kipimo cha fundi. Karani akisema, "Isinizimikie," fundi aandike: saa 12 bila kuchajiwa. Kisha aipime hivyo hivyo, palepale itakapotumika. Tusikimbilie msimbo kabla ya hapo, ndugu zangu.

Nami nimejikwaa. Programu yetu ya kupimia tumbaku tuliijaribu ofisini, kivulini. Karani mmoja wa chama cha msingi alikuwa ametuuliza mapema kama itasomeka juani. Tukamjibu kwamba haina shida. Siku ya soko aliigeuza simu huku na huku mbele ya mzani, wakulima wakimsubiri, akasema, "Mwanangu, sioni kitu."

Wiki ijayo tunarudi kwake na simu tatu. Atachagua yeye, saa saba mchana, nje.